Beringi na breki zinakaa nyumba moja

Ndugu zangu habari za asubuhi, asanteni kwa kuja na asanteni kwa kunipa nafasi ya kuongea. Nikiangalia humu ndani naona wengi wetu tunaendesha magari yaliyokula umri, miaka 15, 20, wengine na zaidi, kwa hiyo leo sina habari za gari mpya kabisa, naongea na mwenye gari ambayo ina historia, imepita mikononi mwa watu, imeshafunguliwa na kufungwa mara nyingi kuliko mwenye gari anavyojua.

Nina neno moja kubwa nataka mlibebe. Beringi ya tairi, yaani ile ringi yenye gololi ndani inayoifanya tairi izunguke kwa wepesi, na breki ya tairi hiyo hiyo ni watu wa nyumba moja. Zinashika habu moja, yaani kile kitovu cha chuma ambacho tairi inafungwa juu yake, joto la huyu linamfikia yule, na mmoja akiumwa mwenzake hachelewi kuumwa. Sasa sisi tumezoea kuzitenganisha, mtu gari inavuma anaenda kubadilishiwa beringi, mwezi unaofuata breki inatetemeka anaenda kubadilishiwa pedi, vile vipande vinavyobana, mwezi mwingine diski, ile sahani ya chuma inayobanwa, na hakuna aliyekaa akajiuliza mbona kila tatizo linatokea kwenye tairi ile ile ya mbele kulia?

Hili nimelipitia mwenyewe kabla sijaingia kwenye ufundi, na ndilo lililonifanya nianze kujifunza. Gari yangu ilikuwa imeshatembea zaidi ya kilomita 200,000, ikaanza mvumo mbele, nikifika kasi ya kama 50 unaanza mdogo, nikifika 80 unajaa ndani ya gari mpaka mnaongea kwa sauti. Nikaambiwa ni tairi zimekula vibaya, nikanunua tairi, mvumo ukabaki pale pale. Nikazoea. Baada ya muda breki ikaanza tabia mpya, nikikanyaga mara ya kwanza pedeli inaenda mbali, nikikanyaga mara ya pili inakuja juu vizuri tu kama hakuna kitu, alafu nikishika breki nikiwa kasi usukani unatetemeka. Nikaenda gereji, wakanifungia diski mpya na pedi mpya, gari ikatulia wiki chache, mtetemo ukarudi. Hapo ndipo fundi mmoja mzee akaipandisha kwenye jeki, akashika tairi juu na chini akaitikisa, ikacheza mkononi mwake. Akafungua. Pini za kalipa, kile kikamatio kinachobana pedi kwenye diski, zilikuwa zimekauka na kutu, pedi ya ndani imebaki kama karatasi na ya nje bado nene, na grisi ya beringi imegeuka nyeusi na imechuruzika nje.

Sasa sikilizeni mpangilio wa mambo ulivyokuwa. Kalipa ilikwama kwanza. Ikawa inashika diski kidogo kidogo hata nisipokanyaga, joto likapanda, joto likaingia kwenye habu, grisi ikayeyuka ikapoteza nguvu, beringi ikakaa kavu ikaanza kula chuma, ikavuma, alafu ikalegea, diski ikaanza kuyumba, na diski inayoyumba inazisukuma pedi na pistoni, ile inayozisukuma pedi, kurudi nyuma, ndiyo maana pedeli mara ya kwanza inaenda mbali, inabidi kwanza iirudishe ile nafasi. Yaani mwezi hadi mwezi nilikuwa natibu mtoto wakati mzazi ndiye mgonjwa. Diski mpya waliyonifungia ilifungwa juu ya habu inayocheza, ingeponaje?

Ngoja niwape hesabu kidogo muone hizi beringi zinabeba nini. Tairi ya gari ndogo ikizunguka mara moja inatembea karibu mita 1.9. Ukiwa kasi ya 60 kwa saa, unatembea mita 1,000 kila dakika, maana yake tairi inazunguka zaidi ya mara 500 kwa dakika. Gari ikifikisha kilomita 100,000 kila tairi imeshazunguka zaidi ya mara milioni 50, ikiwa imebeba uzito wa gari, mashimo, kona na breki zote ulizowahi kushika. Na vyote hivyo vinabebwa na gololi au roli ndogo zinazotembea juu ya utando mwembamba wa grisi. Ule utando ukipotea, chuma kinagusa chuma, na chuma kikishaanza kumeguka hakirudi.

Upande wa breki nao tazama. Gari ya kilo 1,200 ikiwa kasi ya 100 alafu ikasimamishwa kabisa, joto linalozalishwa linatosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji ya baridi. Hiyo ni breki moja tu. Na kasi ikipungua nusu joto linapungua mara 4, sio mara 2, ndio maana anayekimbia alafu akashika breki ghafla anazila kuliko anayeenda taratibu, hata kama wanasimama mara zile zile. Sehemu kubwa ya joto hilo inabaki mbele kwa sababu uzito wa gari unaegemea mbele ukishika breki. Kwenye mteremko mrefu basi shusha gia, injini isaidie kushika, usikae umeegemea pedeli kutoka juu mpaka chini.

Haya, dalili. Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele, na beringi huanza hivyo hivyo, lele ndogo tu ambayo ukiwasha redio huisikii. Mvumo wa beringi unapanda na kasi ya gari, sio na injini. Ukiweka gia huru gari ikiwa inatembea, injini ikashuka, mvumo ukabaki, basi injini mtoe kwenye kesi. Kuutofautisha na mvumo wa tairi, sikiliza ukibadilisha barabara, tairi inabadilisha sauti ukitoka lami ya kokoto ukaingia lami laini, beringi hiyo haijali, inavuma vile vile. Alafu kwenye barabara pana isiyo na watu, kwa mwendo wa kawaida, yumbisha usukani taratibu kushoto na kulia. Ukikata kushoto uzito unahamia kulia, kwa hiyo mvumo ukiongezeka ukikata kushoto, mtuhumiwa wa kwanza ni beringi ya kulia. Mtuhumiwa tu, sio hukumu, kuna beringi za safu mbili zinadanganya, na sauti inasafiri kwenye bodi mpaka ya nyuma unaisikia kama iko mbele. Usinunue spea kwa sikio peke yake.

Kuhakikisha ni lazima gari iinuke. Na hapa naomba kwa moyo wangu wote, weka kizuizi kwenye tairi zilizobaki chini, inua kwenye ardhi ngumu iliyonyooka, alafu weka stendi ya chuma, usiamini jeki peke yake, jeki inashuka bila kuaga. Nimeshuhudia moja inashuka, namshukuru Mungu mwenzetu alikuwa ametoa mkono sekunde hiyo hiyo.

Ikishainuka, shika tairi juu na chini uitikise, alafu shika kushoto na kulia uitikise. Ikicheza kushoto na kulia tu, mara nyingi hiyo ni tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza tairi, sio beringi. Ikicheza pande zote, au juu na chini, mwambie mwenzako aingie ndani akanyage breki ashikilie, wewe tikisa tena. Mchezo ukipotea akiwa amekanyaga, ni beringi, kwa sababu breki imeifunga habu na chuma kinachoibeba vikawa kitu kimoja. Mchezo ukibaki, angalia boljointi, kile kiungo cha chuma cha mviringo kinachoibeba tairi kwa chini, na vinavyoungana nayo. Kipimo hiki hakina gharama yoyote na kinaokoa watu kununua vitu visivyo na kosa.

Lakini jamani, beringi kutocheza haimaanishi ni nzima. Nyingi zinavuma miezi kabla hazijaanza kucheza. Kwa hiyo zungusha tairi kwa mkono mmoja na mkono mwingine uweke kwenye springi ya shokapu, angalia usibanwe, ukisikia kama kuna mchanga unatembea ndani ya springi jua kuna gololi zimeshaumia. Linganisha na upande wa pili, mkono unajua tofauti haraka sana.

Kwa nini zinakufa? Umri, ndiyo, ila maji yanaua nyingi kabla ya umri. Umetoka safari habu iko moto, ukaingia kwenye maji ya mafuriko, habu inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa inavuta maji kupita kwenye sili, ule mpira wa kuzuia maji. Sili ya gari ya miaka 20 imeshakuwa ngumu kama plastiki, haizuii kitu. Kuosha kwa mashine ya presha ukaelekeza mdomo moja kwa moja kwenye habu ni kosa lile lile. Mashimo makubwa nayo, na kugonga ukingo wa barabara kwa ubavu wa tairi, hizo zinaacha alama kwenye njia ya gololi, na alama ikishakuwepo mvumo unakuja baada ya wiki au miezi na wewe umeshasahau uligonga wapi.

Alafu kuna zinazouawa na fundi, nalisema hili nikiwa fundi. Beringi za kushindilia, zile ambazo gari nyingi za sasa zinazo, ukizigonga kwa nyundo umeziua kabla hazijaondoka gereji. Ukiiingiza kwenye chuma chake, sukuma ringi ya nje. Ukiingiza habu ndani yake, ringi ya ndani iwe na kizuizi chini. Ukisukuma upande mmoja nguvu ikapita kwenye gololi kwenda upande wa pili, umeshazikandamiza kwenye njia yake, gari itatoka inavuma siku hiyo hiyo na mteja ataambiwa spea ni feki. Feki zipo kweli, ila sio kila lawama ni yake. Na kama gari ina ABS, mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukishika breki ghafla, beringi nyingi zina sumaku kwenye sili ya upande mmoja, upande huo lazima uangalie sensa inayosoma mzunguko wa tairi, ukiigeuza taa ya ABS itawaka na utahangaika na umeme wakati kosa ni la kugeuza tu. Ukitaka kuujua, gusisha kwa wepesi chuma laini chepesi kama pini ya karatasi, ila usiiweke beringi karibu na sumaku yenye nguvu.

Nati kubwa ya ekseli ifungwe kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha gari husika, sio kwa mashine ya upepo mpaka ilie. Na usiishushe gari ikabebwa na beringi ambayo nati yake haijakazwa, ile nati ndiyo inayozishika ringi za ndani zikae pamoja.

Zile za zamani za roli zenye mfano wa pia, zenye nati na pini ya kupasua, zina utaratibu wake. Unakaza huku unazungusha tairi ili roli zikae, alafu unalegeza, alafu unarudisha kwa vidole mpaka ubaki mchezo mdogo sana ambao hauuoni kwa jicho, pungufu ya milimita 0.13. Wengi wanakaza sana wakidhani ndio uimara, jamani iliyobanwa inaungua haraka kuliko iliyolegea kidogo. Usichanganye grisi mpya na ya zamani, osha yote, kausha, paka mpya mpaka iingie katikati ya roli. Kujaza habu yote grisi mpaka pomoni hakusaidii, inazuia joto kutoka.

Nirudi kwenye breki. Pedeli yako inaongea, jifunze lugha yake. Ikienda mbali mara ya kwanza na kupanda mara ya pili, fikiria diski inayoyumba, au breki za ngoma za nyuma ambazo shuu, yaani pedi zake za ndani, zimekaa mbali kwa sababu ajasta, ile inayozisogeza, imeganda. Ikiwa laini kama sponji, fikiria upepo kwenye mfumo. Ikizama taratibu huku umeshikilia, kama kwenye foleni, kuna mahali oili ya breki inavuja au masta silinda, pampu inayosukuma oili hiyo, inapitisha kwa ndani, na gari hiyo usiiendeshe tena kwenda popote, iitie fundi hapo ilipo.

Pedi mpya nyingi huwa na unene wa milimita 10 hadi 12. Ikifika 3, badilisha. Usiangalie ile ya nje tu kupitia tundu za ringi ya tairi, kwa sababu kwenye kalipa nyingi pistoni iko upande wa ndani, pini zikikwama pedi ya ndani ndiyo inayofanya kazi peke yake, wewe unaona ya nje nene unafurahi kumbe ya ndani imeshafika chuma. Kila ukibadilisha pedi, toa pini, safisha, paka grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida inavimbisha mipira na pini inaganda tena. Hii ni kazi ya dakika 10 ambayo karibu kila mahali inarukwa, na kwenye gari yangu ndiyo iliyoanzisha yote niliyowaambia.

Kujua tairi ipi breki imekamata, tembea kidogo bila kushika breki kwa nguvu, simama, pitisha mkono karibu na kila ringi bila kugusa. Iliyo moto kuliko mwenzake wa upande wa pili ndiyo yenyewe. Gari nayo itakuwa inavuta upande huo na mafuta inakula zaidi. Ukishaipata, inua, na tairi ikiwa ngumu kuzunguka fungua nipeli ya kutolea upepo. Tairi ikiachia, presha ilikuwa imefungiwa, na kwenye gari za umri wetu mara nyingi ni hosipaipu ya breki imevimba kwa ndani, inapitisha oili kwenda na kuizuia kurudi, kwa nje unaiona nzima kabisa. Isipoachia, shida ni pini au pistoni yenyewe. Ukimaliza toa upepo vizuri, kikopo kisiishiwe oili.

Mtetemo nao una maneno mengi. Watu wanasema diski imepinda. Mara nyingi haijapinda, ina unene usiolingana, kwa sababu imekuwa ikiyumba kidogo kila mzunguko na pedi inaila sehemu moja zaidi. Kuyumba kwa milimita 0.1 kunatosha kuanzisha hilo. Na kunatoka wapi? Beringi iliyolegea, au kutu tu kwenye uso wa habu chini ya diski. Ndio maana diski mpya inawekwa baada ya habu kusuguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Na unene wa mwisho umeandikwa kwenye diski yenyewe, MIN TH na namba, ukishafika hapo hakuna kuchonga tena.

Oili ya breki, hii wengi hawaigusi mpaka gari inakufa. Inanyonya unyevu wa hewa. DOT 4, aina moja ya oili hiyo, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka mpaka 155, DOT 3 inatoka 205 kwenda 140. Ikichemka ndani ya kalipa inatoa mvuke, na mvuke unabanwa, pedeli inazama mteremkoni na huna breki. Kila miaka 2 badilisha yote, usiongezee juu juu tu. Kwanza kikopo kikishuka taratibu mara nyingi ni kwa sababu pedi zimeisha na pistoni zimetoka nje, ukiongezea, siku ya pedi mpya pistoni zikirudishwa oili inafurika na inakula rangi.

Jingine la gari za zamani pekee: ukitoa upepo kwa kukanyaga, usishindilie pedeli mpaka chini. Masta silinda iliyotembea miaka 20 imetumika sehemu ya juu tu, sehemu ya mbele huko ina kutu na uchafu, mipira ikipita pale inachanika, unaingia gereji kutoa upepo unatoka na masta silinda imekufa. Weka kipande cha mbao chini ya pedeli, inatosha.

Pedi na shuu badilisha pande zote mbili za ekseli moja, kila mara. Beringi sio lazima, kama ya upande wa pili imetulia na haina mchanga mkononi iache, hela hiyo iweke kwenye sili nzuri na oili. Na vumbi la breki usilipulize kwa kompresa, hasa kwenye ngoma za gari kuukuu, pedi na shuu za zamani zilitumia asbesto na hiyo inaharibu mapafu, lowesha kwanza ufute. Nati za tairi kaza kwa mtindo wa nyota, alafu baada ya kilomita 50 hadi 100 rudi uzikague.

Nimeongea sana. Ile gari pale nje mwenyewe anasema inavuma na pedeli inaenda mbali, nimeshaiweka juu ya stendi, bado sijaifungua. Naomba mmoja aingie ndani awe tayari kukanyaga breki, na wawili waje tushike tairi juu na chini, wengine mkae upande wa springi kila mtu aweke mkono kwa zamu, alafu mniambie nyinyi ni beringi au ni boljointi kabla sijachukua spana.